Utafiti wa Vita vya Maji Maji Mlimani: Kisa cha Mada Moja na Kazi za Aina Nyingi

Anayetaka kujua chuo kikuu kinazalisha nini kwa kawaida huonyeshwa orodha: makala za majarida, vitabu, tasnifu za uzamili na uzamivu, ripoti za ushauri wa kitaalamu, mada za makongamano, na mwishoni kabisa, kwa haya kidogo, kazi bunifu. Orodha ya namna hiyo inawafaa wanaogawa fedha na vyeo, lakini inaficha uhusiano uliopo kati ya kazi hizo, yaani jinsi ya aina moja inavyoilisha ya aina nyingine, inavyoisahihisha na wakati mwingine kuipotosha. Uhusiano huo huonekana vizuri zaidi mtu akichukua mada moja na chuo kimoja, akafuatilia kilichotokea kwa miaka michache na kile kilichofuata baadaye.

Mada ninayoichambua hapa ni vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, ambavyo watu wa kusini mwa Tanganyika walipigana na Wajerumani, na chuo ni kile cha Dar es Salaam, maarufu kama Mlimani, katika kipindi kilipokuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki na miaka mitatu baada ya kujitegemea Julai 1970. Kati ya 1967 na 1973 vita hivyo vilizaa, kutoka kilima kimoja, makala ya jarida la kimataifa, kijitabu cha kumbukumbu, rundo la karatasi za wanafunzi wa shahada ya kwanza, sura katika kitabu cha historia ya taifa, tamthiliya na tasnifu ya uzamivu. Ninadai kwamba kazi mbili ambazo mizani ya kawaida ya chuo ingezihesabu kuwa nyepesi, yaani karatasi za wanafunzi na tamthiliya, ndizo zilizokuwa na maisha marefu kuliko zote, na kwamba sababu za kudumu kwao ni tofauti kabisa.

Hali ilivyokuwa

Chuo kilifunguliwa Oktoba 1961 kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikahamia Mlimani mwaka 1964. Idara ya Historia iliongozwa na Terence Ranger, aliyekuwa amefukuzwa Rhodesia mwaka 1963, na mapema kabisa idara hiyo ilijipa kazi ya kuandika historia ambayo Mwafrika ni mtendaji ndani yake. Oktoba 1965 Dar es Salaam ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa kimataifa wa wanahistoria wa Afrika. Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 1966, wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa na Rais Nyerere akawarudisha makwao mamia kati yao. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha. Na Machi mwaka huohuo ukafanyika mkutano chuoni wa kujadili nafasi ya chuo katika Tanzania ya kijamaa. Ninayataja haya kwa sababu mradi uliowatoa wanafunzi madarasani na kuwapeleka kwa wazee wa vijijini haukuzuka hewani. Ulikuwa utafiti, na papo hapo ulikuwa jibu kwa lawama kwamba msomi wa Mlimani amejitenga na waliomlipia ada.

Mada yenyewe ilikuwa na uzito wa kisiasa kabla ya wanahistoria kuigusa. Desemba 1956, akizungumza mbele ya Kamati ya Nne ya Umoja wa Mataifa huko New York, Nyerere aliitumia Maji Maji kuonyesha kwamba watu wa Tanganyika hawakuwahi kukubali kwa hiari kutawaliwa na mgeni. Kwa hiyo mtafiti wa miaka ya 1960 aliikuta hoja imekwisha kutolewa, na kilichobaki kwake kilikuwa kutafuta ushahidi. Hiyo si hali salama kwa utafiti wowote, na madhara yake yataonekana mbele.

Vyanzo vilivyokuwepo vilikuwa vya pande chache. Gavana Gustav Adolf von Götzen, aliyevizima vita hivyo, alichapisha kitabu chake mwaka 1909, akieleza mambo kama mtawala anayejitetea mbele ya wakubwa zake. Zilikuwepo nyaraka za serikali ya Kijerumani zilizobaki Dar es Salaam, na kumbukumbu za wamisionari. Upande wa Kiswahili ulikuwepo utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, uliochapishwa mwaka 1957 pamoja na jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kamati ambayo baadaye ilihamishiwa Dar es Salaam na kugeuzwa kuwa taasisi ya chuo, ambayo leo tunaijua kama TATAKI, yaani Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Utenzi huo haukutungwa kwa jicho la walioasi. Ni sauti ya mtu wa mwambao aliyewatazama watu wa bara kwa mbali. Hata hivyo inafaa kukumbuka kwamba waliokuwa wa kwanza kuweka maandishi ya Kiswahili kuhusu vita hivi mikononi mwa wasomaji wa Afrika Mashariki walikuwa watu wa lugha, na wanahistoria wakafuata nyuma yao.

Makala na masimulizi

Kazi ya kwanza kutoka Mlimani ilikuwa makala ya John Iliffe kuhusu jinsi maasi yalivyopangwa, iliyotoka mwaka 1967 katika jarida la historia ya Afrika linalochapishwa Uingereza. Ni kazi iliyojengwa kwa nyaraka. Iliffe alionyesha jinsi mpango wa mashamba ya pamoja ya pamba, ulioanza mwaka 1902, ulivyowalazimisha watu kufanya kazi siku 28 kwa mwaka kwenye shamba la jumbe au akida, na jinsi mgao wa mfanyakazi ulivyofikia senti 35 kwa kazi ya mwaka mzima, ujira ambao wengine walikataa hata kuupokea. Kutoka hapo alijenga hoja ya hatua tatu: maasi yalianza kama uasi wa wakulima dhidi ya pamba, yakapata upana kwa imani ya maji, yaani dawa iliyoaminika kumkinga mpiganaji na risasi, kisha yalipofika nyanda za juu yakaingia katika mkondo wa himaya na koo za kule. Hoja hiyo ni safi, na mtu akiisoma leo bado ataheshimu jinsi ilivyofungwa. Udhaifu wake ni kwamba nyaraka zinajua zaidi juu ya pamba kuliko juu ya imani, kwa kuwa ofisa wa Kijerumani alihesabu magunia na hakukaa kwenye kilinge.

Pengo hilo lilijazwa na masimulizi. Gilbert Gwassa alifanya usaili katika nchi ya Umatumbi na jirani zake, na yeye pamoja na Iliffe walihariri kijitabu kilichochanganya nyaraka za Wajerumani na maneno ya wazee, kikatolewa mwaka 1968 chini ya Chama cha Historia cha Tanzania. Mwaka huohuo ulifanyika Mradi wa Utafiti wa Maji Maji, ambapo wanafunzi walikwenda kwenye maeneo ya vita, kwa kawaida kule ambako lugha walikuwa wanaijua, wakawasaili waliokumbuka au waliosimuliwa na waliokumbuka. Muda ulikuwa mfinyu. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 15 wakati vita vinaanza alikuwa na miaka 78 mwaka 1968. Mradi ungecheleweshwa kwa miaka kumi tu, ungekuta makaburi mengi na wajukuu wenye habari nusunusu.

Kilichorudi Mlimani kutoka kwa wazee hao hakikuwa na mfano wake katika nyaraka. Chukua habari za Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe. Kwenye mafaili ya Wajerumani huyu ni mganga aliyenyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, na mambo yanaishia hapo. Kwa wazee, kisa chake kina mwanzo, mahali na mashahidi. Mwaka 1904 alipandwa na pepo aliyeitwa Hongo, akatambaa kwa tumbo mpaka kwenye kidimbwi cha maji na kutoweka ndani yake mbele ya jamaa zake. Wakakesha kando ya maji wakimngoja, na asubuhi akaibuka akiwa mzima, nguo zake kavu. Wazee walieleza pia dawa yenyewe ilivyokuwa, maji yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na punje za mtama, na jinsi watu walivyomiminika Ngarambe kabla risasi hata moja haijalia. Walisimulia jinsi vita vilivyotangazwa huko Nandete, kwenye vilima vya Umatumbi, mwishoni mwa Julai 1905, kwa kung'oa miche ya pamba. Mwanahistoria hahitaji kuamini kwamba mtu alilala chini ya maji usiku kucha ili atambue thamani ya habari hiyo. Inamweleza kwa nini mtu wa Kilwa na mtu wa Rufiji, ambao hawakuwa na mtawala mmoja, waliweza kutii neno moja.

Karatasi za wanafunzi zilikusanywa na kupewa namba. Msomaji wa leo anayefungua tanbihi za kitabu chochote makini juu ya vita hivi atakutana na herufi MMRP, kifupi cha jina la mradi huo kwa Kiingereza, zikifuatwa na tarakimu zilizotenganishwa kwa mikwaju, mwaka 68 ukiwa katikati yake. Nyuma ya kila mkwaju yuko mwanafunzi mmoja, kijiji kimoja na mzee mmoja. Zilikuwa kazi za darasani, zisizopitiwa na jopo lolote, na ubora wake haulingani: nyingine ni ndefu na zenye mpangilio, nyingine zina alama zote za haraka. Karatasi juu ya Ungoni, ya Mapunda na Mpangara, ilichapishwa kama kijitabu mwaka 1969. Nyingi nyingine zilibaki kama nakala za kurudufu, na mtu alizifikia kwa kuzifuata maktabani.

Karatasi hiyo ya Ungoni inastahili kutazamwa kidogo kwa karibu, kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo waratibu wa mradi hawakulipigia mbiu. Umatumbini kila kitu huanzia kwa Kinjikitile. Ungoni mtu anayekumbukwa kuwa ndiye aliyeleta maji ni Omari Kinjala, na habari zinahusu zaidi jinsi watawala wa Kingoni walivyoamua kuipokea au kuisita dawa hiyo, Chabruma akiwa mstari wa mbele. Kwa maneno mengine, mradi ulioanzishwa kwa matumaini ya kupata harakati moja ulirudisha, kwa uaminifu wa wanafunzi wake, ushahidi wa harakati kadhaa zilizoshikana kwa nyuzi. Iwapo mwalimu angesahihisha karatasi hizo kwa kutaka zote zifanane, ushahidi huo ungepotea. Kwa bahati njema mwanafunzi wa mwaka wa pili aliandika alichoambiwa.

Kitabu cha taifa na tasnifu

Mwaka 1969 kilitoka kitabu cha historia ya Tanzania kilichohaririwa na Isaria Kimambo na Arnold Temu, ndani yake Gwassa akiwa ameandika sura juu ya uvamizi wa Wajerumani na upinzani wa Waafrika. Sihitaji kukaa sana hapa. Utafiti uliokuwa bado mbichi uliingia kwenye mafundisho ndani ya mwaka mmoja, jambo la kusifika kwa kasi yake, lakini kitabu cha kufundishia hakina nafasi ya mashaka, na Maji Maji ikasimama pale kama hatua ya kwanza ya safari iliyofikia uhuru wa 1961.

Tasnifu ya Gwassa juu ya chimbuko na kuenea kwa vita, iliyokamilika mwaka 1973, ni ya aina nyingine. Ndiyo kazi ndefu kuliko zote, yenye masimulizi mengi kuliko zote, na yenye subira ambayo makala na sura ya kitabu haviwezi kuwa nayo. Humo ndimo alimofikia makadirio ya waliokufa kuwa kati ya 250,000 na 300,000, akihesabu pamoja na waliouawa na njaa baada ya majeshi ya Wajerumani kuchoma maghala na mashamba, ilhali makadirio ya kikoloni yalikuwa 75,000. Takwimu yake imenukuliwa katika vitabu vya shule, hotuba na maonyesho ya makumbusho. Tasnifu yenyewe ilikaa rafuni, ikachapishwa kama kitabu mwaka 2005, tena Ujerumani, miaka 32 baada ya kukamilika. Kuna watu wengi wanaoitaja namba hiyo kwa uhakika mkubwa ambao hawajawahi kuona ukurasa iliyotokea, na hatari ya jambo hili ni dhahiri: kadirio lililotolewa pamoja na hoja zake na tahadhari zake limegeuka kuwa hesabu ya sensa. Hili ni tatizo la kawaida la tasnifu katika vyuo vyetu, kwamba kazi iliyofanyiwa utafiti wa kina kuliko zote ndiyo inayosomwa na watu wachache kuliko zote.

Tamthiliya

Ebrahim Hussein alizaliwa Kilwa, wilaya ambayo vilima vya Umatumbi vimo ndani yake, na alikuwa mwanafunzi chuoni hapo wakati sanaa za maonyesho zinaanza kufundishwa. Tamthiliya yake ya Kinjeketile ilichapishwa mwaka 1969, na mwaka uliofuata ikatoka tafsiri ya Kiingereza aliyoifanya mwenyewe. Herufi mbili zilizobadilishwa katika jina la mhusika mkuu ni tangazo tosha, na Hussein hakuliachia hapo: katika utangulizi alieleza kwamba mtu wa jukwaani ni kiumbe cha fikra na kwamba hakukusudia kunakili historia. Sijui wanahistoria wangapi wa wakati huo waliokuwa waangalifu kiasi hicho katika kumwambia msomaji mipaka ya kazi yao.

Kama tamthiliya ingekuwa tu njia ya kuwafikishia wananchi matokeo ya utafiti, ingestahili kuwekwa kwenye kundi la vipeperushi na vipindi vya redio. Lakini kazi ya Hussein inauliza swali ambalo mtafiti hakuwa na njia ya kuliuliza. Kinjikitile alinyongwa katika siku za mwanzo za vita, na hatuna maneno yake mwenyewe. Wazee waliweza kusema alifundisha nini, wasingeweza kusema alifikiri nini alipokuwa peke yake. Hussein alimwonyesha mtu ambaye ameleta neno la kuunganisha watu waliogawanyika, neno hilo likakua likamzidi, watu wakataka vita kabla ya wakati, na yeye akabaki akijiuliza kama lililosemwa kupitia kinywa chake lilikuwa la kweli. Mwishoni Wajerumani wanamtaka akane maji mbele ya watu ili aokoke, naye anakataa, kwa kuwa kukana kungewafanya watoto wa kesho waamini kwamba babu zao walipigania uongo mtupu.

Hapa tamthiliya iliwatangulia wanahistoria. Ilikuwa inauliza, mwaka 1969, kama umoja uliojengwa juu ya imani yenye mashaka ni umoja wa kweli, na nani anafaidika na hadithi ya umoja huo baadaye. Historia ya kitaaluma ilichukua zaidi ya muongo mmoja kufika karibu na swali hilo. Na kwa kuwa mwandishi wake aliandika kwa Kiswahili, mjadala huu ulifika kwa wasomaji ambao makala ya Iliffe isingewafikia kamwe: wanafunzi wa sekondari, vikundi vya maigizo, walimu wa vyuo vya ualimu.

Gharama yake pia lazima itajwe. Mhusika wa Hussein ana nguvu kiasi cha kumfunika mtu halisi, na mwanafunzi anayejibu swali la historia kwa kumpa Kinjikitile mashaka ya Kinjeketile si nadra. Utangulizi wa mwandishi haukuweza kuzuia hilo, kwa sababu watoto wa shule hawaulizwi utangulizi kwenye mtihani. Lawama kubwa ninaipeleka kwa masomo yenyewe, ambako mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa historia hufundisha vita vilevile katika vyumba viwili na hawazungumzi.

Waliokuja kusahihisha

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 idara ilijigeukia yenyewe. Arnold Temu, mmoja wa wahariri wa kile kitabu cha 1969, na Bonaventure Swai walichapisha mwaka 1981 ukosoaji mkali wa historia ya kizalendo, wakisema kwamba ilijishughulisha mno na kuthibitisha kwamba Mwafrika alitenda, ikasahau kuuliza nani kati ya Waafrika, kwa maslahi ya tabaka gani. Huu nao ni aina ya utafiti, na mtu anapoandaa orodha ya kazi za chuo anapaswa kuipa nafasi kubwa, kwa maana si rahisi kuandika dhidi ya jengo ambalo mkono wako ulishika matofali yake.

Kisha wakaja wa nje. Thaddeus Sunseri, katika makala ya 1997, aliitazama Uzaramo na kuona njaa, nguruwe mwitu walioharibu mashamba wakati wanaume wamechukuliwa kwenda kufanya kazi, na wanawake waliobeba mzigo wa kulinda mazao. Mwaka 2000 aliandika tena kuonyesha jinsi hadithi ya Götzen na hadithi ya taifa huru zilivyofanana katika kukiweka kila kitu chini ya mpango mmoja kutoka Ngarambe. Jamie Monson, mwaka 1998, alizitazama nyanda za juu za kusini na kukuta kwamba uamuzi wa kujiunga au kutojiunga ulifuata mapatano na uhasama wa zamani kati ya watawala, ndiyo maana Wahehe wengi walikuwa upande wa Wajerumani.

Ushahidi wa sehemu kubwa ya ukosoaji huu ulitoka wapi? Ulitoka, kwa kiasi kikubwa, kwenye karatasi zilezile za wanafunzi wa 1968. Tafsiri ya waratibu wa mradi ilipingwa kwa kutumia nyenzo za mradi. Ndiyo sababu nimesema karatasi hizo zimedumu: tafsiri huzeeka, ilhali maneno ya mzee wa Ungoni yaliyoandikwa kwa uaminifu hubaki tayari kusomwa na mtu mwenye swali jipya. Kasoro zake nazo zimebaki. Wasailiwa wengi walikuwa wanaume, na karatasi ziliandikwa kwa Kiingereza, lugha ya mtihani, hivyo kati ya sauti ya mzee na jicho la msomaji mna mlango ambao mwanafunzi ndiye aliyekuwa na ufunguo wake.

Aina nyingine ya kazi ilikuja kupitia udongo. Akiolojia ilianza kufundishwa Mlimani mwaka 1985, na wanaakiolojia wa chuo hicho wameirudia Maji Maji kwa zana zao. Bertram Mapunda aliichunguza Ungoni kwa kuoanisha mabaki ya ardhini na masimulizi, katika kitabu cha pamoja kilichohaririwa na James Giblin na Monson mwaka 2010. Nancy Rushohora amefuatilia maeneo ya mapigano, makaburi ya halaiki, minara ya kumbukumbu na picha za wakati wa ukoloni. Mwanaakiolojia haulizi tu nini kilitokea mahali fulani. Anauliza pia wanaoishi hapo leo wanapafanya nini, wanapalima au wanapaepuka, na swali hilo halikuwa kwenye hojaji ya 1968.

Namna ya kuzipima kazi hizi

Tuziweke sasa kwenye mizani ya kawaida. Katika tathmini za vyuo vingi, makala iliyopitiwa na wanataaluma wengine ndiyo yenye alama nene. Sura ya kitabu inafuata. Tasnifu humpa mwandishi shahada na kuishia hapo. Kijitabu cha kumbukumbu kinatazamwa kama kazi ya uhariri. Tamthiliya inategemea nani amekaa kwenye kamati. Na karatasi ya mwanafunzi wa shahada ya kwanza haimo kabisa. Kwa kipimo hiki Iliffe alipata kila kitu mwaka 1967, na wanafunzi wa 1968 hawakupata chochote zaidi ya alama za somo. Mizani hii si ya kipumbavu. Inapima jambo la kweli, yaani kama hoja imepitishwa kwenye macho ya wajuzi kabla ya kutolewa. Kosa ni kuifanya ipime pia manufaa, uimara wa ushahidi na upana wa wasomaji, mambo ambayo haikutengenezewa.

Kwa kisa hiki ningependekeza maswali manne tofauti kwa kazi tofauti. Makala iulizwe kama hoja yake inashika. Masimulizi yaulizwe kama yamehifadhiwa kwa namna ambayo mtu mwingine anaweza kuyasoma kinyume na aliyeyakusanya. Tamthiliya iulizwe kama imefungua swali ambalo halikuwepo, na kama imesema wazi ilipoiacha historia. Tasnifu iulizwe kama imetoka rafuni. Kwa swali hilo la mwisho, hazina za kidijitali ambazo vyuo vimeanzisha katika miaka ya karibuni zimesaidia, ingawa zinapokea tasnifu za sasa kwa urahisi kuliko karatasi za kurudufu za nusu karne iliyopita, ambazo wino wake unafifia na ambazo hakuna anayepata cheo kwa kuzipiga picha.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama kwenye makumbusho ya Maji Maji mjini Songea, akakutana na wazao wa Nduna Songea Mbano, jemadari wa Kingoni aliyenyongwa mwaka 1906, na akaomba radhi kwa yaliyotendwa. Aliahidi msaada katika kulitafuta fuvu la Nduna huyo. Miezi michache kabla ya hapo, taasisi ya makumbusho mjini Berlin ilikuwa imetangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeyahusisha baadhi ya mafuvu yaliyochukuliwa enzi hizo na familia zilizo hai kaskazini mwa Tanzania. Utafutaji wa fuvu la Songea utahitaji msomaji wa daftari za makusanyo ya Kijerumani, mtaalamu wa vinasaba, mwanaakiolojia anayeyajua makaburi ya mjini humo, na mtu wa kukaa na ukoo wa Mbano akauliza kwa adabu kilichosimuliwa nyumbani. Huyo wa mwisho atapaswa kuanza kwa kuisoma ile karatasi ya Ungoni ya 1969, kisha aende kuuliza wanawake wa ukoo huo yale ambayo hawakuulizwa.